Nilikwenda Fizi Kumtafuta Delege

Haya, shikeni. Tangu nirudi mmekaa kwenye benchi langu la wateja mkiuliza "Fizi vipi, Fizi vipi," hata juzi nikashona mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, na mwenye blauzi amenuna mpaka leo. Nimeamua kuandika ili niseme mara moja. Habari za karatasi na tiketi sitaziandika, maana hazikunifurahisha mimi wala hazitawafurahisha ninyi.

Wasiotujua vizuri niwaeleze kwanza. Katika ukoo wetu mzima tuna babu mmoja tu wa kujivunia, naye ni Delege, yaani mjumbe wa serikali. Wakati wa Wabelgiji serikali ilikuja kumchukua nyumbani hapa Kalemie, ikampandisha meli, askari wawili wakimsindikiza, mmoja kulia, mmoja kushoto. Baadaye mchuuzi mmoja wa samaki akamletea bibi yetu habari: mume wako yuko Fizi, ni delege huko, serikali imempa nyumba, kila Jumamosi anaingia kwa administrata, mkuu wa wilaya, kutia kidole kwenye wino, na polisi hawamwachi peke yake. Mtu mwenye akili timamu angesikia hayo akajiuliza swali moja au mawili. Sisi tulishangilia. Kaka yangu Floribert mpaka juzi akialikwa arusini hukaa meza ya mbele, na akipewa kipaza sauti huanza na "Mimi, mjukuu wa Delege."

Asiyeshangilia alikuwa Shangazi Mwamini, mtoto pekee wa Delege aliye hai. Babu alipochukuliwa, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaota meno ya pili. Mama yake alipofariki akalelewa nyumba hii na nyumba ile, na kila nyumba walimwambia ajivune. Yeye alikuwa na lake moyoni: delege ana meli ya serikali, ana askari wa kumbebea sanduku, sasa kilimshinda nini kuja kumwona mwanawe? Mwaka huu alipougua akaniita kitandani.

"Enda Fizi," akaniambia. "Uniulizie kama alikuwa na batoto bengine ba kupenda kuliko mi. Nataka niyue mbele ya kufa. Hata kama iko mubaya, uilete vile iko."

Kaka Floribert alisema angeenda yeye, kama Fizi wangemtumia mwaliko. Wadogo zangu wote wakakumbuka kazi. Nikafunga cherehani.

Kalemie hadi Kazimia

Boti ilikuwa iondoke asubuhi. Asubuhi ikapita tukiwa tumekaa ndani yake, jua likatupiga, na nahodha anasema anangoja mzigo wa mwisho. Mzigo wa mwisho ukawa mama mkwe wake. Alipofika alikuwa amesahau godoro, ikabidi tumngoje tena, na hakuna aliyefungua mdomo, maana mama mkwe ni mama mkwe.

Wenye sabuni walikaa juu ya sabuni yao, wenye chumvi juu ya chumvi yao, na mimi mwenye mfuko mmoja nikaambiwa nitafute mahali pasipo na kuku. Hapakuwapo. Ziwa nalo lilikuwa na maneno yake siku hiyo. Nilitapika kwa heshima, upande wa upepo unakoelekea, tofauti na bwana mmoja wa Moba ambaye hakufikiria habari za upepo.

Kosa langu lilikuwa kumjibu mama wa chumvi aliponiuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia namfuatilia babu yangu, delege wa Fizi. Maneno hayo yakatoka kwangu mbele ya boti yakaenda mpaka kwenye injini, na yalipofika kule nyuma babu alikuwa ameanguka njiani. Ilibaki kwamba ndani ya boti mna delege. Tuliposhuka Kazimia kiti kilikuwa kimeshawekwa kivulini, na bwana mmoja mwenye koti akanikaribisha kwa niaba ya wakazi, akanieleza habari za bomba la maji lililokufa na za paa la shule. Nikamwambia mimi ni fundi wa kushona. Akatikisa kichwa kwa kuelewa kabisa, akasema hata wakubwa wanahitaji unyenyekevu.

Nilieleza tena na tena. Kuku alipoletwa, na bugali na sombe ya majani ya muhogo, niliacha kueleza. Njaa haina aibu. Nilipokuwa nalamba vidole mama mmoja aliyenitazama muda wote akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Delege gani anabeba mufuko yake mwenyewe?" Wakatazamana. Baada ya hapo kiti kikachukuliwa na mtu mwingine, lakini kuku alikuwa ameshakwisha.

Kazimia hadi Baraka

Niliuliza kama naweza kwenda Baraka kwa barabara, watu wakacheka vizuri sana. Nikapanda boti nyingine, ndogo zaidi, tukaizunguka rasi yote ya Ubwari. Humo sikumwambia mtu habari za delege. Nilisema naenda msibani, na wote wakanipa pole na ndizi, na mama mmoja akalia kidogo kwa ajili yangu. Nikajisikia vibaya, lakini ndizi zilikuwa tamu.

Baraka nilikwama kwa mvua. Mvua ya kule ikianza, motari wote, yaani waendesha pikipiki, wa kupanda Fizi huketi chini ya mabati na kukunja mikono, na ukiwauliza lini tutaondoka wanakuonyesha mbingu. Nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyenilisha samaki mikeke wa kuchoma mpaka nikaanza kuwaota. Aliniuliza dini yangu kabla ya jina langu, na nilipomjibu akapumua, akanipa kitanda kilicho karibu na dirisha. Sijui ningelala wapi kama ningekosea jibu.

Mvua ilipokata nikapata motari, kijana mwenye koti la mpira na mdomo usiochoka. Nikamweleza: nipeleke Fizi, panapoitwa nyumba ya delege.

"Kwa Balelege?" akasema. "Napayua."

Niligundua kitu papo hapo, ila nilikielewa kombo. Kasema *ba*. Wingi. Njia yote ya kupanda milima, tope likiruka mpaka kwenye kitambaa changu cha kichwa, nilikuwa nikijiuliza Fizi ilikuwa mji wa namna gani hata ikahitaji wajumbe wengi hivyo. Nilifikiri labda babu alikuwa mkubwa wao. Nilipanga kabisa jinsi nitakavyomwambia Floribert, na jinsi atakavyokuwa hawezekani.

Kwenye kizuizi kimoja askari alitaka kujua mimi ni wa kundi gani: mwenyeji, mkimbizi au mfanyabiashara. Nikasema mgeni tu. Akasema hilo kundi hana. Akautazama mfuko wangu, akaamua ni mfanyabiashara, tukapita.

Fizi

Kwa Balelege ni vijumba vichache kwenye mteremko, mihogo nyuma, migomba mbele. Hapana bendera, hapana baraza, hapana hata jiwe lenye jina. Motari alinishusha mbele ya Mama Feza, mwanamke mnene mwenye kicheko, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua ndakala, dagaa wa huku kwetu, kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa, nikajieleza kama Floribert anavyojieleza: mimi ni mjukuu wa Delege.

Mama Feza akaacha kuchambua. Akaniangalia juu mpaka chini, akaita jirani yake, akaniomba niseme tena. Nikasema tena. Walicheka hata ungo ukamwagika, na mimi nikacheka nao kwa adabu, nikingoja mtu aniambie tunacheka nini.

"Mama, hapana delege," akasema alipopata pumzi. "Relege. Siye batu ba huku tunasema mulelege. Delege, banamutuma. Relege, banamutupa."

Nikamuuliza wanamtupa nani, na wapi.

"Banamutupa huku. Fizi njo ilikuwa jalala ya bazungu."

Baba yake Mama Feza alikuwa polisi wa buloko, yaani jela, wakati ule, na akinywa pombe ya kasiksi alikuwa akiwapigia wanawe hadithi zake. Aliyonisimulia Mama Feza nayaweka kama alivyoyasema yeye. Kama kwingine ilikuwa tofauti, nendeni mkagombane naye.

Wafungwa walikuwa na ngazi zao. Mzungu, kwanza, hakuwa anaiba. Akiiba alikuwa amechoka na jua, anapelekwa mjini kwenye chumba chenye kitanda na pazia. Baada yake Mwafrika mwenye karte ya watu waliostaarabika: huyo hata akifungwa, fimbo haimgusi, ni makalio yaliyosoma. Kisha watu wa lampo, walioshindwa kulipa kodi, wanafagia uwanja wa administrata na kukata majani. Kisha wezi, wanaobeba mawe ya barabara. Kisha wa miaka mingi, waliofungwa mnyororo shingoni kwa mstari, mmoja akitaka kujisaidia wote wanakwenda. Wanawake, wawe na kosa lolote lile, kazi yao ilikuwa moja, kupikia wengine wote.

Na walipangika, alisema Mama Feza. Watu wa lampo hawakutaka kula na wezi, kwa sababu wao hawakuiba. Wezi hawakutaka kulala karibu na wa mnyororo, kwa sababu wao wana mwisho. Wabelgiji hawakuhitaji polisi wengi, alisema, maana kila mfungwa alikuwa amepewa mwingine wa kumdharau.

Na balelege je? Hao hawakuwa ndani wala nje. Hawakuhukumiwa na jaji. Mzungu alitia sahihi tu kwamba mtu huyu kwao anachafua wengine, kwa dini iliyokatazwa au kwa mdomo, basi apelekwe mbali akae huko mpaka serikali itakaposema. Anapewa nyumba na shamba la mihogo. Kila Jumamosi anaripoti na kutia kidole. Akivuka mpaka wa mji bila ruhusa, polisi.

Meli, askari kulia na kushoto, nyumba, Jumamosi, kidole. Mchuuzi wa samaki hakusema uongo hata kidogo. Ni sisi tuliosikia herufi tuliyoitaka.

Nilikuwa nimekuja na aibu moja, ya baba aliyemtupa mtoto wake, na sasa nilikuwa nazo mbili, na ya pili nilijua italala mezani kwa Floribert. Lakini ilikuwa inanijia polepole kwamba mulelege hana meli. Nikamtajia Mama Feza jina la babu na kwao alikotoka, nikamuuliza kama alikuwa na mke hapa, na watoto.

Mama Feza hakucheka tena. Alisema hakuwa na mke. Bamama wengine walimtaka, kwa sababu mulelege ana nyumba na hanywi, akakataa wote. Kisha akaniambia niende Lweba, nikamtafute shemasi Asende. "Baba yangu alikuwa anasema mulelege wa Kalemie njo ule wa Lweba," alisema. "Kule banamukumbuka kuliko siye."

Lweba

Nikateremka tena Baraka, nikapata mikeke wengine, nikaendelea na motari kandokando ya ziwa. Kabla hatujafika Lweba tulimpita mtu mmoja anatembea na nyavu begani, mtu mwingine akamuuliza kwa sauti anaelekea wapi. Yule wa nyavu, bila kusimama, akajibu, "Napelekea Mwamini."

Nilimpiga motari mgongoni asimamishe pikipiki. Nikamuuliza yule bwana anasema Mwamini gani. Akanishangaa. Mwamini hakuna, alisema, ni maneno tu ya Lweba: mtu akikuuliza unakwenda wapi na wewe hutaki kusema, au unakwenda mahali usipotakiwa kwenda, unajibu hivyo.

Shemasi Asende nilimkuta anagombana na mbuzi aliyekula shati lake la Jumapili. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu, asiyependa utani. Aliponisikia akamwachia mbuzi shati.

Alinieleza vile alivyoambiwa na wazazi wake, kwa sababu mtumbwi ulikuwa wa baba yake na kitenge kilikuwa cha mama yake. Babu alijaribu kutoroka kurudi Kalemie, mara ya kwanza kwa miguu, wakamrudisha. Mara ya pili alijificha bandarini Baraka katikati ya magunia ya muhogo, akapiga chafya. Hapo administrata akamwita akamwambia: wewe ni relege, una nyumba, una shamba, ni cheo kizuri kati ya wafungwa. Ukitoroka tena nakushusha, utakwenda kwenye mnyororo na wale wa miaka mingi. Alijua, basi. Hakudanganywa.

Mara ya tatu hakwenda Baraka, alikuja huku Lweba, ambako polisi walikuwa wachache. Mama yake Asende akamvisha kitenge na kitambaa, akamtwika beseni la ndakala, apite ufukweni kama mchuuzi mpaka kwenye mtumbwi. Nikamuuliza kama kitenge kilimkaa vizuri. Shemasi akasema mama yake alisema hapana, mabega yalikuwa makubwa. Hata hivyo alipita watu wote. Alikuwa amebakiza kidogo tu aingie majini, ndipo polisi aliyeketi pale, si kwa kumshuku, kwa mazoea tu, akamuuliza: mama, hizi ndakala unapeleka wapi?

Na babu yetu, mwenye sauti nzito ya kuimbisha kwaya ya ile dini iliyokatazwa iliyomfukuzisha kwao, akamjibu kwa sauti yake yote: "Napelekea Mwamini."

Ufukwe mzima ukacheka. Polisi mwenyewe alicheka kwanza, ndipo akamkamata.

Mnyororo ulikuwa shingoni mwake wiki hiyohiyo. Alifanya kazi ya barabara ya kupanda Fizi, ileile iliyonichafua kitambaa, akafa kwa homa kabla ya Uhuru. Walimzika pamoja na wafungwa wengine, na shemasi hakujua ni wapi hasa. Nami sikupata kaburi la kuwaonyesha, kwa hiyo msiniulize.

"Siye bote tulizani Mwamini ni muke wake," shemasi akasema. "Batu balimucheka sana juu ya ule muke."

Nikamwambia ni mtoto wake. Nikamwambia yuko hai, ni mgonjwa, yuko Kalemie, na ndiye aliyenituma. Shemasi akaingia ndani akatoka na ndakala zilizofungwa kwenye jani la mgomba, akanikabidhi, wala hakusema ni za nani.

Nyumbani

Kurudi kulikuwa kama kwenda, ila bila kuku wa bure. Pale Kazimia nilificha uso kwa kitenge.

Floribert alikuwa amekusanya ukoo chumbani kwa Shangazi, na alikuwa amevaa suti. Nilisimulia yote kuanzia mwanzo, nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, na Shangazi amelala amefumba macho. Nilipofika kwenye delege na relege Floribert alisimama. Akasema neno hilo lisitoke nje ya nyumba hii, kwamba Jumamosi kuna arusi, kwamba atasimama vipi mbele za watu kusema ni mjukuu wa mufungwa. Akasema hao watu wa Fizi hawajui Kifaransa.

"Floribert, ikala chini," Shangazi akasema, macho bado ameyafumba. Akanigeukia mimi. "Alikuwa anayua kama batamutia mu munyororo?"

Nikamwambia alijua. Walikuwa wamemwambia.

"Na batoto bengine?"

Nikamwambia hawakuwapo. Wala mke.

Midomo ikamcheza. Nilidhani anaomba. Kisha akafumbua macho akamtazama kaka yangu na suti yake.

"Delege njo aliniacha," akasema. "Miaka yote nilikuwa namuchukia ule delege. Huyu mufungwa, ye hakuniacha. Nyumbani mwangu musitaye tena delege."

Floribert akaketi. Nikafungua jani la mgomba, nikamwekea ndakala mkononi, nikamwambia za Lweba hizi, zimetoka ufukweni palepale. Akazinusa. Akauliza tena polisi alisemaje, nikamwambia. Akauliza baba yake alijibuje, nikamwambia.

"Hapana hivyo," akasema. "We unasema na sauti ya mwanamuke. Sema vile alisema."

Nikavuta pumzi, nikakaza sauti mpaka ikashuka chini kabisa, nikasema. Shangazi Mwamini akacheka, akacheka mpaka machozi yakamjaa masikioni kwa vile alikuwa amelala chali, akazishika zile ndakala kwa mikono miwili juu ya kifua.

"Tena," akasema.